Mjue Mnana Kabla Hujaukata Mti

Bwana Mkulima, nawe Mama Mkulima, bila shaka umewahi kuamshwa alfajiri na kelele za minana. Mvua za masika zikishika na majani yakiwa mabichi, ndege hawa wa manjano huja kwa makumi katika mti mmoja karibu na nyumba. Hupiga kelele kutwa, huchana majani ya migomba na ya nepia, na baada ya siku chache mti wote umening'inia viota kama matunda. Kisha mtama ukianza kutia maziwa, nao wamo shambani. Ndiyo sababu watu wengi husema, "Ukate mti, shauri liishe."

Mimi ni karani tu wa afisi ya kilimo, si Bwana Shamba. Lakini nilisomea ualimu, na mwalimu akiona jambo halijaeleweka ni taabu kunyamaza. Nataka kukueleza habari za ndege huyu, nilizozisoma na nilizoziona kwa macho yangu hapa Thika na Ruiru. Kisha wewe mwenyewe uamue juu ya mti wako.

Habari yenyewe ilianza na mzee mmoja wa skimu, upande wa kuelekea Ngoliba. Alikuja afisini asubuhi moja mwezi wa Juni, akiwa na kifurushi cha gazeti. Akakifungua juu ya meza yangu, juu ya fomu zilizokuwa zikingoja mhuri. Ndani mlikuwa na masuke matatu ya mtama mweupe, yamebaki makapi matupu.

"Karani," akasema, "hayo ndiyo mavuno yangu. Nipe dawa ya kuwaua ndege hao. Kama huna dawa, leo jioni mti unaanguka."

Bwana Shamba alikuwa safarini. Nikaomba ruhusa, nikaenda pamoja na mzee.

Mti wenyewe ulikuwa mgunga mkubwa, mpakani mwa shamba na kiwanja cha nyumba, na ndama amefungwa kivulini. Nilihesabu viota mpaka 70 nikaacha. Mzee akaleta viti viwili, nasi tukaketi. Nakushauri nawe ufanye hivyo siku moja, maana ndege huyu ukimpita tu njiani humwoni kazi yake.

Dume ndiye fundi wa kusuka. Huenda kwenye jani la nepia, la muwa au la mgomba, hulikata kidogo ukingoni kwa mdomo, kisha hushika hapo alipokata na kuruka. Jani huchanika lenyewe kwa urefu, naye huondoka na utepe mrefu. Akifika mtini huukanyaga upande mmoja kwa mguu, huuzungusha upande wa pili kijitini kwa mdomo, huupitisha chini na kuuvuta mpaka umekaza. Hana sindano wala gundi. Ana mdomo na miguu miwili tu, na mafundo yake hayafunguki kwa mvua wala kwa upepo.

Kwanza hutengeneza pete iliyosimama wima, ya kumtosha kusimama ndani yake. Pete hiyo ndiyo msingi wa nyumba. Akiwa amesimama pale husuka mbele yake na juu yake, mpaka mahali mdomo wake unapoweza kufika, na hicho kinakuwa chumba cha mayai. Baadaye, bila kugeuka, huinamisha mwili nyuma na kusuka upande wa pili: ukumbi mdogo, na mlango unaotazama chini. Kwa hiyo kipimo cha nyumba ni mwili wake mwenyewe. Mama anayesuka kiondo hupima kwa shubiri. Mnana hupima kwa shingo. Majani yakiwa karibu, aweza kumaliza ganda la nje kwa siku moja.

Zamani niliwafundisha watoto darasani kwamba ndege huzaliwa akijua kazi hii yote. Nilikosea. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Nicholas Collias, pamoja na mkewe Elsie, walianza miaka ya 1950 kuwachunguza minana kwa uangalifu, katika Afrika na katika vizimba huko Los Angeles. Waliona kwamba dume mchanga hujizoeza. Viota vyake vya kwanza ni ovyo, vina matundu, na nyuzi zinaanguka. Madume walionyimwa majani ya kuchezea walipokuwa wachanga hawakuweza kusuka vizuri walipokua. Hamu ya kusuka huzaliwa nayo, lakini ufundi huupata kwa kufanya na kukosea. Sasa ukiona kando ya mti kiota kilichokaa kama kapu lililokanyagwa na ng'ombe, ujue kuna mwanagenzi hapo.

Nyumba ikiisha, dume hujining'iniza chini ya mlango, kichwa chini, akipiga mabawa yake na kuita. Majike huja kukagua. Jike huingia ndani, huvuta nyuzi huku na huku, na mara nyingi hutoka akaenda zake. Tena hupenda kiota kibichi. Kikibaki siku nyingi bila mpangaji kikageuka rangi ya nyasi kavu, basi hakitazamwi tena, na dume mwenyewe hukifumua na kuanza kingine mahali palepale. Kwa hiyo viota unavyoviokota chini ya mti si vyote vilivyoangushwa na upepo. Vingi vilikataliwa. Mzee aliposikia hayo alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Hata kwao mahari ni ngumu."

Jike akikubali, yeye ndiye anayetandika ndani kwa nyasi laini na manyoya. Hutaga mayai mawili au matatu kwa kawaida, huyaatamia mwenyewe siku 12 hivi, na kazi kubwa ya kulisha makinda ni yake. Dume wakati huo amekwisha anza kusuka kiota kingine, akitafuta mke wa pili na wa tatu.

Hapa nilimwomba mzee atazame midomo ya majike. Kinda wa mnana hakui kwa nafaka kavu, hulishwa wadudu. Tulikaa muda wa saa moja hivi, na majike walikuja na kurudi mara nyingi kuliko tulivyoweza kuhesabu. Mmoja alileta panzi, mwingine kiwavi wa kijani, mwingine tena kiwavi. Mzee akasimama, akasogea karibu. "Huyo ni kama yule anayetoboa mahindi yangu," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Lakini mtama wangu pia wanakula." Na hilo ni kweli, sitalificha. Minana hula nafaka, hasa punje laini zenye maziwa, na mistari ya mtama iliyokuwa karibu na mgunga ule ilikuwa imeharibika kabisa.

Labda unajiuliza kwa nini wanachagua mti wa nyumbani kwako na kuiacha migunga ya porini. Watazame adui zao. Yuko nyoka wa mitini anayepanda kuyatafuta mayai na makinda, na yuko nyoka mwingine asiye na sumu ambaye chakula chake ni mayai tu. Yuko kipanga mmoja mkubwa wa kijivu, mwenye ngozi ya uso iliyo wazi, ambaye miguu yake yaweza kupinda mbele na nyuma. Huyo hujitundika kwenye kiota na kutia mguu ndani kama mtu anayetafuta senti mfukoni. Ndiyo maana minana hutundika viota kwenye ncha za matawi membamba, juu ya maji wakipata, na mahali penye watu. Nyoka huogopa panga lako na kipanga huogopa watoto wako. Wewe, bila kujua, umekuwa askari wao wa usiku na mchana.

Yuko na mwizi wa namna nyingine, ndege mdogo wa kijani king'aacho, ambaye hajengi kabisa. Jike lake hutaga yai katika kiota cha mnana na kumwachia kazi ya kulea. Lakini katika aina moja ya minana, anayejulikana sana Magharibi mwa Kenya, kila jike hutaga mayai ya rangi yake mwenyewe: huyu meupe, huyu ya buluu-kijani, huyu yenye madoadoa. Akiona yai lisilofanana na yake hulitupa nje. Ni kama alama za ng'ombe malishoni; usipojua alama yako utalisha ndama wa mwenzio.

Sasa yafaa ujue kwamba minana si wa namna moja. Jamaa yao ina aina zaidi ya 100, na nyingi ziko Afrika. Hapa kwetu ukikuta viota vingi katika mgunga mmoja, aghalabu ni mnana anayeitwa kwa jina la Speke, yule Mwingereza aliyefika ziwa Nyanza mwaka wa 1858. Dume ni manjano, uso mweusi, jicho jeupe, na mgongo wa madoadoa meusi. Mwingine utamkuta katika bustani na kando ya kahawa za Ruiru, mume na mke peke yao, bila kundi. Jike wa huyo kichwa chake chote ni cheusi. Hula wadudu kwa wingi, na anayemfukuza hajui anayemfukuza. Katika matete na mafunjo ya mabwawa ya mashamba ya kahawa yuko mwenye mdomo mnene, mweusi-mweusi, mwenye alama nyeupe juu ya mdomo. Yeye husuka kwa nyuzi nyembamba mno, kiota chake laini kama kitambaa. Na ukishuka nchi kavu ya kuelekea Ol Donyo Sabuk, utaona mitini mafurushi ya nyasi kavu yaliyotupwa kama takataka. Hao ni jamaa wanaokaa kikundi kimoja mwaka mzima, na kiota chao cha kulala kina milango miwili.

Mtaalamu mmoja Mwingereza, J. H. Crook, aliandika mwaka wa 1964 kwamba tofauti hizi zinatokana na chakula. Wanaokula wadudu msituni hukaa wawili wawili, kwa kuwa wadudu wametawanyika. Wanaokula mbegu nchi za wazi hukaa kwa makundi, kwa kuwa mbegu zikipatikana hupatikana nyingi mahali pamoja. Nimelitaja hili kwa sababu shamba la mtama ni mbegu nyingi mahali pamoja.

Na hapa tunafika kwa jamaa yao aliye mbaya, kwelea. Huyu usimchanganye na mnana wa mgunga wako. Kwelea ni mdogo kama shomoro, gramu 20 hivi, rangi ya kahawia. Mdomo wa dume ni mwekundu, na wakati wa kuzaa uso wake huwa mweusi. Hakai karibu na nyumba yako. Huja kama wingu, kundi zima likigeuka pamoja angani, hushuka shambani, na wa nyuma huruka juu ya wa mbele kama mawimbi. Viota vyao ni vidogo, katika vichaka vya miiba mbali na watu, maelfu kwa maelfu. Hutaga wote siku zilezile na kumaliza kulea kwa wiki chache, kisha huhama kufuata mvua. Katika Afrika hukadiriwa kufika bilioni 1.5. Kwelea mmoja aweza kula gramu 10 kwa siku. Wewe mwenyewe piga hesabu: ndege milioni moja ni tani 10 kila siku.

Wakulima wa mpunga wa Kisumu waliwaona mwanzoni mwa mwaka wa 2023, na Serikali ikalazimika kupeleka dawa ya kunyunyiza. Zamani, miaka ya 1950, katika nchi kadhaa za Afrika walitumia hata baruti na petroli katika mahali pao pa kuzalia, nao hawakuisha. Dawa inayonyunyizwa siku hizi, fenthioni, huua kwelea, lakini huua pia bundi na vipanga, na ikiingia majini hudhuru viumbe vya majini. Kwa hiyo si kazi ya mtu mmoja mwenye bomba mgongoni. Ukiona wingu la kwelea, toa habari siku ileile kwa Bwana Shamba au kwa chifu, ueleze mahali wanapolala usiku. Mahali pa kulala ndipo panapotakiwa. Kuambiwa tu "wamepita kwangu" hakusaidii.

Juu ya sumu nitasema waziwazi. Wako watu wanaochanganya dawa ya wadudu ya punjepunje na nafaka, wakaimwaga chini ya mti. Dawa ya namna hiyo, kabofurani, imeua ndege, tai na hata simba katika nchi hii. Kuku wako hajui kusoma onyo la mkebe. Mtoto anayeokota ndege aliyekufa ili amchome naye hajui. Mzee aliponiuliza tena dawa, nilimwonyesha ndama chini ya mti na kuku waliokuwa wakichakura pale pale, naye akaacha neno hilo.

Basi tukaingia shambani pamoja, maana kuketi chini ya mti hakujazi ghala. Tulipopima kwa hatua tuliona kwamba uharibifu mkubwa ulikuwa katika mistari sita ya karibu na mgunga, na pembeni karibu na ua wa miti. Katikati ya shamba masuke mengi yalikuwa mazima. Jambo la pili tuliloliona lilikuwa kubwa zaidi. Mtama wa mzee ulikuwa peke yake wenye maziwa katika eneo lote lile. Alikuwa amepanda karibu wiki tatu kabla ya majirani, kwa kuwa alipata jembe la kukodi mapema. Ndege wote wa bonde walikuwa na meza moja tu, nayo ni ya kwake. Majirani wakipanda wiki moja, ndege walewale hugawanyika katika ekari nyingi na kila mtu hupoteza kidogo. Ninyi wa skimu mna kamati na mikutano. Hilo laweza kupangwa kabla ya mvua.

Jambo la tatu lilikuwa mbegu. Iko mitama ya rangi ya kahawia, kama Serena na Seredo, yenye uchungu katika punje changa, na ndege huipenda kidogo. Nilipomtajia mzee hakufurahi. "Mwekundu nitamuuzia nani?" akasema. "Wanunuzi wa kutengeneza pombe wanataka mweupe, na ugali wa mwekundu watoto wanaukunjia uso." Sikuwa na jibu la kumshinda, kwa sababu anasema kweli. Nilimwambia tu kwamba mistari ya pembeni na ya karibu na mti yaweza kuwa ya kahawia au ya maharagwe, na mweupe ukae katikati.

Kulinda shamba ni kazi ya wiki tatu au nne, tangu punje kutia maziwa mpaka kukauka. Ndege hula zaidi asubuhi mpaka saa 4, na tena kuanzia saa 10 mpaka jua kuchwa. Mchana wa jua kali hupumzika, nawe pumzika. Majirani wawili watatu wakipeana zamu, mtu mmoja aweza kutazama mashamba yote. Tafadhali usimtoe mtoto shuleni kwa kazi hii. Nimewahi kuita majina darasani wakati wa mtama nikajibiwa na nusu ya watoto, na hesabu walizozikosa wiki zile hawakuzipata tena. Punje zikikauka, vuna mara moja. Mtama uliokomaa na kuachwa shambani wiki mbili kwa kungoja gunia ni mtama uliotolewa sadaka.

Na mti? Kama unaegemea shamba mno, punguza matawi ya upande wa shamba mwezi wa Februari, kabla ya mvua na kabla ya kiota cha kwanza. Minana watahamia upande wa nyumba. Usikate wakati makinda wamo. Jirani wa mzee yule alikata mgunga wake mwaka uliotangulia, katikati ya mwezi wa Mei. Alinieleza mwenyewe, huku akitazama chini. Makinda walianguka wakaliwa na paka na siafu. Wazazi wao hawakuondoka; kabla ya wiki kwisha walikuwa wakisuka katika matete ya bwawa, mwendo wa hatua 200 tu, na mtama wake ukaliwa vilevile. Alichopungukiwa yeye ni kivuli cha ng'ombe wake.

Nilipita kwa mzee tena mwezi wa Agosti, nikipeleka barua za mkutano. Alikuwa amevuna magunia machache kuliko alivyotumaini, lakini si sifuri kama alivyohofu ile asubuhi ya kifurushi. Mgunga ulikuwa umesimama. Kelele zilikuwa zimekwisha, na madume wengi walikuwa wamepoteza rangi yao ya manjano kali, wakafanana na majike. Viota vilikuwa vimekauka, vikianguka kimoja kimoja, na mama wa nyumba ile alikuwa akiviokota kwenye kikapu. Aliniambia hakuna kitu kinachoshika moto asubuhi haraka kama kiota cha mnana.